Umekata wapi? Kutafuta ubovu wa mtandao, kutoka simu yako hadi mkongo wa baharini

"Fundi, mtandao hamna." Ujumbe huo naupata karibu kila wiki. Nyuma ya maneno hayo inaweza kuwa adapta iliyolegea nyuma ya kabati, au nanga ya meli iliyoburuzwa chini ya Bahari ya Shamu. Kwa mtu aliyeshika simu, yote mawili yana sura moja: kiduara kinazunguka tu.

Kazi yangu ni kufunga na kutunza mitandao ya maduka, shule na zahanati hapa Dar es Salaam. Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kama wateja wanavyozitaja. Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi. Fuata mpangilio huo hata kama una haraka, maana nimeona watu wakilaumu mkongo wa baharini, yaani waya wa faiba uliolazwa chini ya bahari, huku bando lao limeisha tangu usiku.

Kabla ya kugusa chochote, uliza swali moja: nani mwingine hana? Muulize aliye nyumba hiyo hiyo. Muulize jirani anayetumia kampuni nyingine. Kisha mpigie ndugu aliye mkoa mwingine, simu ya kawaida, si ya WhatsApp. Majibu yao yatakuonyesha ubovu uko umbali gani kutoka ulipo.

Dalili ya 1: Ni simu yangu tu, wenzangu wanapata

Bando limeisha. Hata kama ulinunua jana. Masasisho ya programu na video zinazojicheza zenyewe hula MB wakati umelala. Angalia salio la bando kwanza. Angalia pia ni bando la aina gani: la mitandao ya kijamii litafungua WhatsApp na kukataa kila kitu kingine, na watu wengi hudhani simu imeharibika.

Data imezimwa au simu imeganda. Washa hali ya ndegeni, hesabu hadi ishirini, izime. Kama bado, zima simu na uiwashe upya.

Tarehe na saa si sahihi. Hili halijulikani sana, lakini nakutana nalo mara kwa mara kwenye simu zilizoishiwa chaji kwa siku nyingi. Kila tovuti salama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu ikidhani tuko 2015, itakataa vyeti vyote na kukupa onyo kwamba muunganisho si salama. Rudisha tarehe ijirekebishe yenyewe, na tatizo litaisha hapo hapo.

Mipangilio ya APN, inayoiunganisha simu na data ya kampuni, imefutika. Hutokea ukibadilisha simu au laini. Piga huduma kwa wateja waitume upya.

Laini yenyewe ina tatizo. Hapa kuwa makini. Laini ikipoteza mtandao ghafla, hata simu za kawaida hazitoki wala haziingii, na wenzako wa kampuni hiyo hiyo wako sawa, inawezekana kuna mtu amesajili laini mpya kwa namba yako ili aingie kwenye pesa zako. Usisubiri hadi kesho. Azima simu, piga kampuni yako ya simu, piga na benki, uwaambie wafunge huduma za pesa kwenye namba hiyo. Hakuna hatua ya kiufundi ya kujaribu nyumbani.

Dalili ya 2: Wi-Fi imeshika vizuri, lakini hakuna kinachofunguka

Vile vistari vya Wi-Fi vinapima nguvu ya mawimbi kati yako na ruta. Havisemi lolote kuhusu njia ya kutoka kwenye ruta kwenda duniani. Unaweza kuwa na vistari vyote huku waya wa nje umekatwa tangu alfajiri.

Malipo ya mwezi yamepita. Angalia hilo kwanza.

Ruta imeganda. Chomoa umeme wake, subiri dakika moja nzima, chomeka, kisha ipe dakika tano iamke. Usiguse kitufe kilichojificha ndani ya tundu dogo. Hicho hakiwashi upya, kinafuta mipangilio yote, pamoja na jina na nenosiri ambavyo kampuni iliviweka siku ya kufunga. Mteja wangu mmoja alikibonyeza kwa sindano ili kuharakisha mambo. Kazi ya dakika moja ikawa ya siku mbili, duka likiuza bila mashine ya kadi.

Adapta imechoka. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, adapta hufa kabla ya ruta. Ruta ikiwaka na kuzima yenyewe, mshuku adapta. Ukiazima nyingine, soma maandishi madogo: volti lazima zilingane kabisa, na ampea zisipungue. Adapta ya volti 12 kwenye ruta ya volti 9 inaweza kuiunguza.

Faiba imekatika au imekunjwa. Tazama taa. Iliyoandikwa PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga unafika. Iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Fuata ule waya mwembamba ukutani uone kama umebanwa na mlango, umekunjwa kwenye kona au umetafunwa na panya. Ndani yake mna uzi wa kioo, kwa hiyo ukiukunja sana unapasuka ingawa gamba la nje linaonekana zima. Usichomoe ncha yake ukaichungulia. Mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho, na unaweza kudhuru jicho bila wewe kuhisi kitu.

Kitabu cha majina kimegoma. Ukiandika jina la tovuti, kuna seva inayolitafsiri kuwa namba. Inaitwa DNS. Ikilala, mtandao upo lakini majina hayajulikani, kama mtu mwenye simu nzima aliyepoteza namba zote. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, weka DNS ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8, jaribu tena. Tovuti zikifunguka, ubovu ni wa seva ya kampuni yako, na unaweza kubaki na mpangilio huo.

Simama na uite fundi wa kampuni kama LOS imebaki nyekundu baada ya dakika kumi na tano, kama waya umeanguka kutoka kwenye nguzo (huwezi kujua umegusana na waya wa umeme au la), au kama ruta inanuka kuungua.

Dalili ya 3: Mtaa mzima hauna

Mara nyingi ni umeme. Mnara wa simu una betri, na mingine ina jenereta, lakini betri hizo ni za saa chache. Umeme ukikatika asubuhi, unaweza kupata mtandao hadi mchana kisha ukafa, na hapo watu huona kama ni matatizo mawili. Ni hilo hilo moja.

Cha pili ni jembe. Wachimbaji wa mitaro, mabomba na barabara hukata faiba kwa sababu hawakujua imelala wapi. Mwaka 2011 huko Georgia, mwanamke wa miaka 75 aliyekuwa akichimbua shaba alikata waya mmoja, na sehemu kubwa ya nchi jirani ya Armenia ikakosa intaneti kwa saa kadhaa. Ukiona katapila mtaani kwenu na mtandao umekata, wapigie kampuni uwatajie mahali hasa. Utawapunguzia saa nyingi za kutafuta.

Hapa huna cha kurekebisha wewe. Hamia kampuni nyingine kwa muda kama unayo laini ya pili, na uache ruta yako kama ilivyo.

Dalili ya 4: Programu moja, au kundi la programu, zimekufa pamoja

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kwa takribani saa sita duniani kote. Wateja wangu wawili walinunua bando jipya jioni ile, na mmoja alifuta WhatsApp ili aisakinishe upya, akapoteza mazungumzo ambayo hakuyahifadhi. Simu zao zilikuwa nzima. Huko kwa wenyewe, amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata njia kuu zinazounganisha vituo vyao. Seva zao za majina zikaacha kuitangazia dunia mahali zilipo, na hata wafanyakazi walipata shida kuingia kwenye majengo kwa sababu milango nayo ilitegemea mtandao ule ule.

Tarehe 20 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Amazon. Hitilafu ya majina katika vituo vyao vya Virginia, Marekani, iliangusha huduma nyingi ambazo mtumiaji hakujua kama zinakaa kwenye nyumba moja. Hili linanisumbua kuliko mkongo kukatika. Tunadhani tuna programu ishirini tofauti, kumbe nusu yake zimepanga kwa mwenye nyumba mmoja.

Ukaguzi wake ni rahisi. Fungua kitu cha kampuni tofauti kabisa. Kikifunguka, mtandao wako ni mzima, subiri. Usifute programu, usibadilishe nenosiri, usibonyeze kiungo chochote kinachodai kurekebisha. Siku kama hizo matapeli huwa kazini.

Dalili ya 5: Nchi nzima ni nzito, vya nje havifunguki, lakini simu za kawaida zinapigika

Hii sasa ndiyo bahari.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilipigiwa simu na wateja watano kabla ya saa sita mchana, kila mmoja wa kampuni yake. Ruta zote zilikuwa na taa nzuri. Mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika kusini, na Nape Nnauye, Waziri wa Habari wa wakati huo, akatangaza kwamba hitilafu iko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma siku mbili. Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Madagaska nazo ziliguswa.

Watu waliniuliza mikongo miwili inakatikaje kwa mpigo. Jibu ni kwamba yote inatua Mtunzini, pwani ya KwaZulu-Natal, na ikikaribia huko inapita jirani. Na kaskazini hakukuwa na pa kukimbilia kama zamani. Miezi mitatu kabla, Februari 2024, mikongo mitatu ilikatika Bahari ya Shamu, ikiwemo njia ya Seacom. Inaaminika ilikatwa na nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa kombora tarehe 18 Februari, mabaharia wakaiacha ikielea huku nanga iko chini. Mzigo wa kaskazini ulikuwa umehamia kusini, kisha kusini nako kukakatika.

Vyanzo, kwa mpangilio wa wingi: nanga na nyavu za uvuvi hubeba sehemu kubwa ya hitilafu zote duniani. Mwaka 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikakata mkongo wa TEAMS unaokwenda Fujairah. Baada ya hapo ni maporomoko na mitetemeko chini ya bahari, halafu ubovu wa vifaa vyenyewe. Hujuma zipo kwenye mazungumzo zaidi kuliko kwenye orodha ya matengenezo.

Nini cha kukagua? Fungua huduma ya hapa nchini na ya nje. Tahadhari: tovuti kuishia na .tz hakumaanishi kwamba seva yake iko Tanzania, nyingi zimewekwa Ulaya au Marekani. Kwa hiyo jaribu kadhaa. Wenye kompyuta watumie traceroute, amri inayoonyesha kila kituo ambacho ujumbe wako unapita: ukiona unapita vituo vya ndani vizuri kisha unaishia kwenye nyota tupu unapotoka nje, umepata jibu. Ndiyo maana vituo vya kubadilishana mtandao vya ndani, kama kile cha Dar es Salaam na kile cha Nairobi, vina thamani kubwa: vinawezesha ujumbe wa Kariakoo kwenda Mbagala kufika bila kuzungukia Ulaya. Kama unamiliki tovuti ya wateja wa hapa, iweke hapa.

Ulichonacho cha kufanya ni kupunguza mzigo. Zima masasisho. Acha video. Tuma maandishi badala ya picha. Kama kampuni moja inajikokota, jaribu nyingine, maana si zote zinanunua nafasi kwenye mkongo mmoja. Na usitarajie saa mbili. Meli ya matengenezo lazima ipakie waya wa akiba, isafiri (Mei 2024 ilikuwa Léon Thévenin, kutoka Cape Town), ishushe ndoano, iinue ncha moja, iipime kwa kupiga mwanga na kusikiliza mwangwi wake, iunge nyuzi za kioo moja moja, kisha irudie kwa ncha ya pili. Upepo ukivuma, kazi inasimama. Ni kazi ya siku, pengine wiki.

Onyo kwa wavuvi na manahodha wetu wa pwani: nanga ikinasa kitu kizito kama waya mahali palipowekewa alama ya mkongo, usivute kwa nguvu na usithubutu kuukata. Mkongo hubeba umeme wa maelfu ya volti wa kuendesha vikuza mwanga vilivyopangwa njiani. Kata kamba ya nanga, andika mahali ulipo, toa taarifa bandarini. Nanga inanunulika.

Dalili ya 6: Data imezimika kwa makampuni yote kwa wakati mmoja, SMS na simu zipo, nchi jirani wako sawa

Hapo hakuna kilichoharibika, mtandao umezimwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilizima kwa takribani siku ishirini kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya kupiga kura. Uganda ilizima kwa siku tano Januari 2021. Tanzania ikazima siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Tofauti yake na mkongo kukatika ni jinsi mtandao unavyokoma: mkongo ukikatika mtandao unakuwa mzito na kuchechemea, ukizimwa unafika sifuri.

Usipoteze muda kwenye ruta. Usipakue VPN (programu za kupitisha mtandao kwa njia iliyofichwa) za bure zinazosambazwa kwenye vikundi, nyingi zinachota taarifa zako. Kwa Tanzania, kumbuka pia kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka matumizi ya VPN yasajiliwe tangu 2023. Rudi kwenye SMS, simu na fedha taslimu. Ninayemwonea uchungu zaidi ni mgonjwa aliyetumiwa hela ya dawa kwenye programu ya benki isiyofunguka, na hilo hakuna fundi wa kulitatua.

Dalili ya 7: Pesa imekatwa, haijafika

Mtandao ukiyumba katikati ya muamala, ombi linaweza kufika na jibu likapotea njiani. Kwako inaonekana imeshindikana, kumbe imepita. Usitume tena. Subiri dakika kumi, angalia salio kwa menyu ya namba, siyo kwa programu: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *334# kwa ya Kenya. Menyu hizo hupita kwenye njia ya mawimbi ya simu na hazihitaji bando, kwa hiyo mara nyingi huishi pale programu inapokufa. Andika namba ya muamala kwenye karatasi. Saa ishirini na nne zikipita bila majibu, nenda dukani kwa kampuni ukiwa na namba hiyo. Usimpe mtu yeyote namba ya siri, hata akisema yeye ndiye anayerudisha pesa.

Watu huniuliza: inaweza kufa yote?

Kwa mpigo mmoja dunia nzima, sioni namna. Haina kitovu. Hata yale majina kumi na matatu ya seva za mzizi, zilizo juu kabisa ya kile kitabu cha majina, yana nakala nyingi zilizotawanyika, zikiwemo za hapa Afrika Mashariki. Kinachokufa ni kipande, na mwenye kipande ndiye anayeumia. Tonga, Januari 2022, volkano ilikata mkongo wao wa pekee wa kwenda Fiji. Wiki tano waliishi kwa setilaiti za kugawana. Zanzibar, Mafia, au kijiji chochote chenye mnara mmoja, wajiulize swali hilo mapema.

Kwa hiyo, leo wakati mtandao upo: weka laini ya kampuni ya pili na uiwekee salio. Andika namba kumi muhimu kwenye daftari. Jifunze menyu za namba kwa kichwa. Weka ndani umeme wa siku tatu za ziada, usisubiri mita ilie. Kaa na fedha taslimu ya wiki. Mwenye duka la dawa awe na bei zake kwenye karatasi. Mama mmoja ninayemhudumia alifanya hivyo baada ya Mei 2024, na sasa kila Ijumaa mjukuu wake anachapisha orodha mpya.

Mtandao ukirudi

Saa ya kwanza ndiyo mbaya. Simu zote nchini zinataka kusasisha, kupakia na kupakua kwa pamoja, na mtandao uliorudi unaonekana kama umekufa tena. Acha masasisho yamezimwa hadi usiku. Pitia miamala yako mmoja mmoja kabla ya kurudia wowote. Kama ulibadilisha DNS au APN wakati wa kuhangaika, rudisha kimoja, jaribu, kisha kingine. Ukibadilisha vyote kwa pamoja na ikagoma, itabidi uniite.